Umbo ni Deni la Mfinyanzi: Chungu Mbele ya Mhakiki

Utangulizi

Neno umbo halikosekani katika mitihani yetu ya fasihi. Mwanafunzi hutakiwa ajadili umbo la shairi, au aonyeshe jinsi mwandishi alivyowaumba wahusika wake. Naye huhesabu mishororo, hupima vina na mizani, hupata alama zake na kwenda zake. Ni nadra kuulizwa neno lenyewe limetoka wapi.

Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba neno hili limetoka mikononi mwa mfinyanzi, na kwamba mhakiki wa Kiswahili anayelitumia kila siku ilhali hawezi kukihakiki chungu anatumia mali ya mtu asiyemjua. Tutaanza na lugha, kisha tutapita katika kazi ya mikono pamoja na istilahi zake, tutazitazama methali mbili tatu kwa jicho la fundi, na baada ya hapo tutahakiki chombo cha nyumbani na vyombo vya msanii mmoja mashuhuri. Mwishoni tutatoa rai yetu kwa walimu na wanafunzi.

Neno na ukoo wake

Wataalamu wa isimu historia wamekubaliana kwamba lugha nyingi za Kibantu zina mzizi mmoja wa kale, *-bumb-, wenye maana ya kufinyanga vyungu. Kwa msomaji wa Rwanda jambo hili halihitaji ushahidi wa mbali. Kinyarwanda kinasema kubumba, mtendaji wa kazi hiyo ni umubumbyi, na udongo wake ni ibumba. Luganda nacho kina okubumba. Kiswahili kiliipoteza b ya mwanzo, kama ilivyotokea katika kubona na kuona, na hivyo kubumba ikawa kuumba.

Hata hivyo, tofauti kubwa haiko kwenye sauti bali kwenye maana. Kinyarwanda hutenga kazi mbili: kurema ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo, nako kubumba ni kufinyanga. Luganda pia hutenga okutonda na okubumba. Kiswahili kilikichukua kitenzi cha mfinyanzi kikakipandisha daraja. Kikazaa Muumba, maumbile, umbile na umbo, na kazi ya vyungu yenyewe ikaachiwa kitenzi kingine, kufinyanga, ambacho kinasikika kuwa ndugu wa kufinya, yaani kubana kwa vidole.

Katika ukoo huu kuna neno moja ambalo wanafunzi wetu wanalijua sana bila kujua asili yake, nalo ni kuumbua. Kiambishi -u- hapo hutengua tendo, kama katika kufunga na kufungua. Kumuumbua mtu ni kumvua umbo, kumrudisha kuwa bonge la udongo. Anayesema "leo nimeumbuka" anazungumza kama chungu kilichoporomoka kabla ya kukauka. Mwalimu akilieleza hivyo darasani, somo la unyambulishaji na somo la sitiari huwa yamefundishwa kwa pamoja.

Kazi ya mikono na istilahi zake

Orodha nyingi za msamiati zinazotumika madarasani humaliza habari ya vyombo vya udongo kwa neno moja, chungu. Kiswahili chenyewe si maskini kiasi hicho. Chungu ni cha kupikia, na kikiwa kikubwa ni jungu. Mtungi ni wa maji. Kaango ni la kukaangia. Gudulia lina shingo nyembamba na hupoza maji ya kunywa. Balasi ni kubwa, la kuwekea akiba ya maji. Chetezo ni cha kufukizia ubani na udi. Kaure si udongo wa kawaida bali ni chombo cheupe, laini, kama vile vilivyokuja pwani kutoka China. Kipande cha chombo kilichovunjika ni kigae, na kikiwa kikubwa ni gae.

Majina ya sehemu za chombo hayahitaji kutungwa, kwani ni majina ya mwili: mdomo, shingo, mabega, tumbo, kitako, na kwa vyombo vingine mikono au masikio. Tutaona baadaye kwamba msamiati huu si pambo.

Kazi yenyewe huanza kwa kuchimba udongo wa mfinyanzi, ambao huku kwetu hupatikana zaidi mabondeni penye majimaji. Udongo husafishwa, huloweshwa na kukandwa mpaka mapovu ya hewa yatoke. Ukiwa laini mno, huchanganywa na mchanga au na vigae vilivyotwangwa. Mchanganyiko huo hupunguza kusinyaa wakati wa kukauka na huusaidia ukuta wa chombo kustahimili moto. Mambo haya yana uzito, kwa sababu chombo kinaweza kusinyaa kwa takriban sehemu moja ya kumi tangu kilipofinyangwa hadi kilipochomwa.

Kuumba chombo kuna njia nne za msingi. Ya kwanza ni kufinya: bonge hutobolewa kwa kidole gumba, kisha ukuta hufinywa pole pole. Ya pili ni kupandisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine, na kuziunganisha kwa vidole mpaka maungio yasionekane. Ya tatu ni kukata mabapa ya udongo na kuyaunganisha, kama afanyavyo seremala kwa mbao. Ya nne ni gurudumu, ambalo huzunguka na kuuachia mkono kazi ya kuuinua ukuta. Wafinyanzi wa maeneo ya Maziwa Makuu kwa kawaida wametumia njia ya kamba, na gurudumu la mwendo kasi ni la mashule na viwanda. Kwa sababu hiyo, mwongozo unaomweleza mwanafunzi kwamba ufinyanzi ni kazi ya gurudumu unamfundisha habari za watu wengine.

Baada ya hapo chombo hukwanguliwa kwa ndani na nje, husuguliwa kwa jiwe laini ili kipate mng'aro, na pengine hupakwa uji wa udongo wenye rangi. Hukaushwa kivulini, kisha huchomwa. Moto wa wazi, wa nyasi na kuni, kwa kawaida hufikia nyuzijoto za Selsiasi kati ya 600 na 900. Tanuri la kisasa linaweza kupita 1,200, na hapo ndipo glezi, ule unga unaoyeyuka na kuwa kama kioo juu ya chombo, unapoweza kuziba vinyweleo vyote. Mtungi wa kwetu hauna glezi, na hiyo si kasoro. Maji hupenya ukutani kidogo kidogo, hufukika, na kwa kufukika huondoka na joto. Mtungi ukizibwa vinyweleo hautapoza maji tena.

Methali kwa jicho la fundi

Vitabu vya kiada hueleza methali za ufinyanzi kwa sentensi moja moja, na mara nyingi sentensi hiyo haigusi udongo. Tutoe mifano mitatu.

"Mfinyanzi hulia gaeni." Mwanafunzi anayesoma haraka hudhani kwamba mfinyanzi analia machozi. Kitenzi hapa ni kula katika kauli ya kutendea, yaani hula chakula chake katika gae. Maana inayotolewa kwa kawaida ni kwamba fundi hakitumii kitu kizuri anachokitengeneza. Maana hiyo ni sahihi, lakini karakana inaiongezea kitu. Tulikwisha kuona kwamba vigae hutwangwa na kurudishwa katika udongo mpya. Kwa hiyo gae si takataka kwa mfinyanzi. Anakula katika kitu ambacho kesho kitakuwa sehemu ya chungu kingine. Methali inazungumzia unyonge wake, na hapo hapo inaonyesha kwamba hana cha kutupa.

"Udongo uwahi ungali maji." Hii tunaambiwa ni ya malezi: mfunze mtoto mapema. Fundi angekubali nusu. Ni kweli kwamba udongo ukikauka haukunjiki tena. Lakini mfinyanzi mwenye pupa, anayepandisha kamba mpya juu ya ukuta ambao bado ni tope, huona chungu chote kikimporomokea. Lazima asubiri ukuta ushupae kiasi cha kubeba uzito unaofuata. Na kazi ya kukwangua na kung'arisha haifanyiki udongo ukiwa maji. Hufanyika unapokuwa mgumu kama ngozi mbichi. Kwa fundi, basi, methali hii inahusu kila jambo kwa wakati wake, na kuwahi ni sehemu moja tu ya somo hilo. Mwalimu anayeifafanua kuwa "anza mapema" amechukua hatua ya kwanza ya kazi akaziacha zilizobaki.

"Jungu kuu halikosi ukoko." Wazee hawakosi hekima. Kwa nini jungu, na kwa nini ukoko? Ukuta mnene wa udongo hushika joto kwa muda mrefu hata baada ya kuni kuondolewa, na chakula kilichogusa kitako huendelea kukauka. Ukoko ni kumbukumbu ya joto. Bila maarifa hayo sitiari hubaki kauli ya kukaririwa.

Kuhakiki chombo cha nyumbani

Sasa tukichukue chombo kimoja tukihakiki kama tunavyohakiki shairi, yaani kwa fani, maudhui na dhima yake. Tuchukue ikibindi, chombo kikubwa chenye shingo kilichotumika Rwanda kwa maji na pombe. Wasomaji wanaofika Huye wanaweza kuona vyombo vya ukoo huu katika Makumbusho ya Ethnografia.

Kanuni ya kwanza ni uhusiano wa umbo na dhima. Kitako chake ni cha mviringo. Anayezoea vyombo vya mezani ataona kasoro, kwa sababu hakisimami chenyewe juu ya sakafu. Lakini chombo hiki hakikukusudiwa meza. Huketi juu ya ngata, ambayo Kinyarwanda huiita ingata, iwe chini au kichwani mwa mbebaji. Vivyo hivyo chungu cha kupikia hukaa juu ya mafiga, yaani amashyiga. Zaidi ya hayo, mviringo hauna kona, na kona ndipo ufa hupenda kuanzia chombo kinapopata moto.

Kanuni ya pili ni uwiano. Shingo ikiwa pana mno maji yatamwagika njiani. Ikiwa nyembamba mno mkono hautapita kukisafisha. Ubora wa chombo unategemea namna tumbo linavyopanda kuelekea mabegani na mahali shingo inapoanzia. Mfinyanzi hodari hulifikisha tumbo kwenye upana wake wa mwisho, kisha akaurudisha ukuta ndani bila kuonyesha kigugumizi. Asiye hodari huacha mkunjo pale aliposita. Mkunjo huo ni sawa na mshororo uliojazwa silabi ili mizani itimie.

Kanuni ya tatu ni ridhimu ya mapambo. Mafundi wa eneo hili, tangu mwishoni mwa milenia ya kwanza, wamekuwa wakiviringisha kamba ndogo ya nyasi zilizosokotwa juu ya udongo mbichi, nayo huacha alama zinazojirudia. Kabla ya hapo walikuwapo wafinyanzi wa Urewe, jina lililotokana na mahali magharibi mwa Kenya ambapo vyombo hivyo vilielezwa kwa maandishi mwaka 1948. Vimepatikana pia Rwanda, Burundi, Uganda, Kagera na mashariki mwa Kongo. Wao walichora mistari kwa kuikwaruza, wakainakshi midomo, na baadhi ya vyombo vyao vina kishimo kidogo kitakoni. Tunapozilinganisha fani hizi mbili tunaona mabadiliko ya mtindo yaliyo wazi kuliko mengi tunayoyatafuta katika tungo: ya kwanza ni mkono unaochora, ya pili ni kamba inayojirudia. Mapambo ya kamba huwekwa sana kwenye shingo na mabega, yaani pale mikono inaposhika. Uso wenye chenga hauponyoki kirahisi katika kiganja chenye maji. Kwa hiyo pambo lina kazi, kama vile kina cha shairi kinavyoisaidia kumbukumbu.

Chombo kisichobeba maji

Hapa lipo pingamizi ambalo mwanafunzi makini atalitoa: ikiwa umbo la chungu linahukumiwa kwa dhima yake, tutasemaje juu ya chombo ambacho hakibebi kitu? Ili kulijibu tumtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda kusoma Uingereza mwaka 1971. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Michael Cardew, na huko alijifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Kigbari, akiwamo Ladi Kwali. Mwaka 1982 alihitimu shahada ya uzamili katika Royal College of Art, London.

Odundo hatumii gurudumu. Hupandisha chombo kwa kamba za udongo, hukikwangua, hukipaka uji laini wa udongo na kukisugua mpaka king'ae bila glezi. Kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa iliyoiva. Kikichomwa tena hewa ikiwa imezuiwa, moshi na ukosefu wa oksijeni hukigeuza kuwa cheusi. Ni rangi mbili kutoka udongo mmoja.

Vyombo vyake havichoti maji. Vingi havina hata jina. Je, vimekosa maudhui? Hatuoni hivyo. Tukumbuke kwamba msamiati wa chombo ni msamiati wa mwili. Odundo ameyachukua maneno hayo kwa uzito wake: shingo yake huinama kama ya mtu anayesikiliza, tumbo hujaa kama la mja mzito, mdomo hupanuka upande mmoja. Mzungumzaji wa Kiswahili anayesema "shingo ya mtungi" ameshaanza kuisoma kazi hiyo bila mkalimani. Isitoshe, pwani yetu ina mfano wa kale wa chombo kilichoachishwa kazi. Katika makaburi ya nguzo kama ya Kunduchi na Mambrui, mabakuli ya kaure ya China yalijengewa ndani ya ukuta. Hakuna aliyekula humo tena, lakini hayakukosa dhima. Yaliheshimu marehemu na kutangaza hadhi ya ukoo.

Pamoja na hayo, tunayo hoja ya kuikosoa hali inayozizunguka kazi hizi. Chombo cha kubebwa huhukumiwa pia kwa uzito wake, wembamba wa ukuta na sauti yake kinapogongwa kwa kidole. Kilichofungiwa katika sanduku la kioo kimeondolewa vipimo hivyo na kuachiwa jicho peke yake. Mhakiki anayekisifu kwa jicho tu amehakiki nusu ya kazi. Wa kulaumiwa si msanii, ambaye mikono yake inajua yote hayo. Kosa kubwa zaidi ni la wahakiki wanaomwita Odundo msanii, kisha wakamwita yule mama wa kando ya bonde, anayepandisha kamba zile zile na kusugua kwa jiwe lile lile, fundi wa vyombo tu. Mbinu ni moja na macho ni yale yale. Kilichotofautiana ni jengo ambamo chombo kimewekwa. Nigeria ilimweka Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20, na kwa hilo ilisema jambo ambalo vitabu vyetu vya sanaa bado havijalisema kwa sauti.

Hitimisho

Kwetu hoja hii si ya nadharia tupu. Nchini Rwanda ufinyanzi umehusishwa kwa muda mrefu na jamii ambayo kihistoria iliachwa nyuma, na kazi hiyo ilidharauliwa pamoja na watu wake. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zilipunguza soko. Mabonde mengi yaliyotoa udongo yamegeuzwa mashamba. Katika miaka ya 2000 shirika lililoitwa CAURWA lilibadili jina na kuwa COPORWA, yaani Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Watu hao walipotafuta jina la kujitambulisha mbele ya umma, walichagua jina la kazi yao. Mhakiki wa lugha hana budi kulitafakari tendo hilo. Kitenzi kile kile kilichompa Mungu jina lake katika Kiswahili kilimwacha mwenye kazi pembezoni mwa kijiji.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017, mahitaji ya istilahi yameongezeka, na njia rahisi ni kukaa na kamusi ya lugha ya kigeni na kutafsiri. Tunapendekeza njia nyingine. Kwanza, mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe zoezi la kuhakiki chombo kimoja cha udongo, kwa kurasa mbili, akitumia fani na dhima kama afanyavyo kwa shairi. Pili, kabla ya kuandika aende kwa mfinyanzi, aulize jina la kila hatua kwa lugha ya fundi mwenyewe, na atafute neno la Kiswahili lililo karibu nalo. Atashangaa jinsi ingata na ngata, amashyiga na mafiga, zinavyoitikiana. Tatu, mfinyanzi atajwe katika kazi hiyo kama mtunzi, kwa idhini yake, na alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mtaalamu yeyote.

Yapo maneno ambayo idara haziwezi kuyaunda zikiwa mezani. Yanapatikana mabondeni, na wanaoyajua wanapungua. Udongo tuuwahi ungali maji, lakini tusisahau alichotufundisha fundi: baada ya kuuwahi ipo kazi ya kungoja, ya kukwangua na ya kusugua, na baada ya hapo upo moto.